Kabla ya Kununua Simu au Saa Janja, Tuulize Nani Ataitunza



Mwishoni mwa muhula uliopita tulipewa kazi ambayo hatukuitarajia. Walezi wetu walituomba, sisi tunaoshughulika na mawasiliano hapa seminarini, tupendekeze aina ya simu na vishikwambi vya kununuliwa kwa ajili ya mafrateri wanaokwenda mwaka wa kichungaji. Walituomba pia tuseme neno kuhusu saa janja, ambazo zimeanza kuonekana mikononi mwa baadhi yetu. Fedha ilikuwa kidogo, na ilikuwa ya waamini. Tulidhani kazi ingeisha jioni moja: kuangalia bei, kamera na ukubwa wa hifadhi, kisha kuandika orodha. Ilituchukua wiki tatu, na tulipomaliza tulikuwa tumebadili swali lenyewe. Tunawashirikisha tulichofikia kwa sababu tunaamini kinazihusu pia parokia, shule na familia zetu.

Tuanze na kisa chetu. Miaka michache iliyopita mfadhili mmoja mwenye moyo mwema alituletea vishikwambi 12. Tulishukuru, na tukavitumia vigangoni kuandika majina ya wakatekumeni, michango ya jumuiya ndogo ndogo, na orodha ya wagonjwa wanaopelekewa Komunyo nyumbani. Kabla mwaka wa pili haujaisha, programu ya kutunza nyaraka ikagoma kufunguka. Ilidai kwamba mfumo wa kifaa umepitwa na wakati, tusasishe. Tukabonyeza kitufe cha kusasisha, na kifaa kikajibu kwamba kina mfumo mpya kabisa. Vyote viwili vilisema kweli. Mfumo ulikuwa wa zamani, na aliyetengeneza modeli ile hakuwahi kutoa sasisho hata moja tangu kiuzwe. Kioo kilikuwa kizima, betri ilikuwa nzima, lakini kifaa kilikuwa kimeachwa yatima.

Hilo la programu kugoma lilikuwa hasara ya fedha. Baadaye tukaona jambo zito zaidi. Kwa karibu miaka 2 majina ya wagonjwa wetu, maradhi yao na nyumba wanazoishi vilikaa ndani ya kifaa ambacho matundu yake ya usalama hakuna aliyekuwa anayaziba. Hatuna ushahidi kwamba mtu alizichukua taarifa hizo. Lakini watu wale walituamini, na sisi tuliweka siri zao katika nyumba isiyo na bawabu.

Neno bawabu tunalitumia kwa makusudi. Mfumo endeshi ndiyo programu mama ya kifaa. Ndio unaogawa kumbukumbu na umeme wa betri, unaozungumza na mtandao, na unaoamua ni programu ipi iruhusiwe kutumia kamera, kipaza sauti au kujua mahali ulipo. Programu nyingine zote ni wageni wanaopita mlangoni kwake. Wezi wanabuni mbinu mpya kila mwezi, hivyo bawabu naye hana budi kufundishwa mbinu hizo kila mwezi, na mafunzo hayo ndiyo tunayoyaita masasisho. Siku yanapokoma, bawabu bado yupo mlangoni, lakini amefungwa macho. Kwa hiyo hoja yetu ni fupi: tunapochagua mfumo endeshi, swali la kwanza ni nani ataendelea kuutunza, na kwa miaka mingapi. Maswali ya kamera na rangi yaje baadaye.

Historia inatuunga mkono. Vifaa vya kushika mkononi vina makaburi mengi. Apple ilitoa Newton mwaka 1993 na kuiacha mwaka 1998. Palm Pilot ya mwaka 1996 ilipendwa sana na watu wa maofisini, ikiendeshwa kwa betri mbili ndogo, na mfumo wake nao umekwisha. Wasomaji wetu wa umri wa kati wanakumbuka simu za Nokia zenye mfumo wa Symbian. Februari 2011 kampuni hiyo ilitangaza kuuacha na kuhamia mfumo wa simu wa Microsoft, na mfumo huo nao ukafikia mwisho wa huduma Januari 2020. Mifumo ya zamani ya BlackBerry ilizimiwa huduma tarehe 4 Januari 2022. Hata zile simu za vitufe zenye mfumo wa KaiOS, zilizowapa watu wengi wa kipato kidogo nafasi ya kuingia mtandaoni, zilipata pigo mwaka 2024, pale WhatsApp ilipoacha kupakuliwa kwenye duka la mfumo huo. Hakuna hata mmoja kati ya mifumo hii uliokufa kwa sababu ulikuwa mbaya kabisa. Ilikufa kwa sababu mwenyewe aliamua kuacha kuitunza, na mnunuzi hakuulizwa.

Leo, kwa simu, uchaguzi halisi umebaki kati ya familia mbili. Moja ni Android, inayoongozwa na Google, na nyingine ni iOS ya Apple. Tofauti kubwa kati yao, kwa swali letu, ni idadi ya mikono ambayo sasisho linapitia kabla ya kumfikia mtumiaji.

Kwa Apple mkono ni mmoja. Kampuni ile ile inatengeneza simu na mfumo, na sasisho likitoka linawafikia wote. Matokeo yake yanaonekana: iPhone 5s iliyoanza kuuzwa mwaka 2013 ilipata marekebisho ya usalama hadi Januari 2023. Hiyo ni karibu miaka 10. Lakini bei yake ni kubwa kwetu, na huwezi kuweka mfumo mwingine siku Apple ikiamua imetosha. Tena kuna mtego kwa wanunuzi wa simu za mtumba: iPhone iliyofungwa kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza haifunguki bila yeye, hata kama umelipa fedha yako yote.

Kwa Android mikono ni mingi. Google inatoa mfumo wa msingi, ambao kiini chake ni Linux na sehemu kubwa ya msimbo wake iko wazi kwa yeyote kuusoma. Kisha mtengenezaji wa kichakato anaurekebisha, halafu mtengenezaji wa simu anaongeza sura na programu zake, na ndipo unamfikia mnunuzi. Mkono wowote kati ya hiyo ukilegea, sasisho linakwama njiani. Ndiyo maana simu mbili zilizoandikwa Android, zilizonunuliwa siku moja katika duka moja la Kariakoo, zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa. Moja itatunzwa miaka 7, kama Google ilivyoahidi kwa Pixel 8 mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Nyingine haitatunzwa hata siku moja, kama vishikwambi vyetu.

Kwa hiyo si sahihi kusema "Android ni mbaya" au "Android ni nzuri". Jina la mfumo halitoshi. Tunapaswa kujua ahadi ya modeli ile ile tunayoishika mkononi.

Kuna ndugu atakayesema: haya ni mambo ya matajiri, sisi tunanunua tunachoweza. Tumelisikia hili hata mezani kwetu, na tunalichukua kwa uzito, kwa sababu ni kweli kwamba wengi wetu hatuna la kuchagua. Lakini tufanye hesabu. Tuseme simu moja inauzwa shilingi 250,000 na imebakiwa na miaka 2 ya masasisho, na nyingine inauzwa shilingi 500,000 na imebakiwa na miaka 5. Ya kwanza inagharimu shilingi 125,000 kwa mwaka, ya pili 100,000. Ile iliyoonekana nafuu ndiyo ghali. Mtu binafsi anaweza kukosa hizo 500,000 kwa mkupuo, na hatumlaumu. Lakini taasisi inayonunua vifaa 10 au 20 kwa sadaka za watu haina udhuru huo. Ni heri kununua vichache vitakavyodumu kuliko vingi vitakavyotupwa. Papa Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015 alitukumbusha juu ya utamaduni wa kutupa. Kifaa kizima kinachotupwa kwa sababu tu programu yake imeachwa ni mfano wa wazi wa utamaduni huo. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeliona: sheria iliyoanza kutumika Juni 2025 inataka masasisho ya simu na vishikwambi yaendelee kupatikana kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Tungependa kuona wabunge wetu wa Afrika Mashariki wakilifikiria jambo kama hilo.

Katika kamati yetu kulikuwa pia na sauti ya upande wa pili. Mmoja wetu alitaka tuachane na kampuni zote mbili na kutumia mifumo huria kabisa. Hoja yake ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. LineageOS, iliyozaliwa mwishoni mwa 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, imezipa uhai mpya simu nyingi ambazo watengenezaji wake walikwisha ziacha. Mradi wa postmarketOS, ulioanza mwaka 2017, unajaribu kuzifanya simu zidumu miaka 10. Watu wanaojitolea ndio wanaofanya kazi hiyo, na wanastahili heshima.

Hata hivyo hatukukubaliana naye kwa vifaa vya nyumba nzima, na sababu tunaziweka wazi. Baadhi ya programu za benki na za fedha za simu hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyobadilishwa mfumo. Frateri aliye kigango cha mbali anaweza kutumia menyu ya namba za kubofya kutuma fedha, lakini si huduma zote zinapatikana huko. Halafu, kubadilisha mfumo kunataka fundi, na fundi huyo akihamishwa parokia nyingine vifaa vinabaki bila mtu wa kuvitunza. Tungekuwa tumerudi kwenye tatizo lile lile la kifaa kuachwa yatima. Tulichokubaliana ni hiki: kati ya modeli mbili zinazolingana kwa bei na kwa miaka ya masasisho, tuchague ile ambayo LineageOS inaihudumia. Siku mtengenezaji atakapoiacha, tutakuwa na mlango wa pili wa kutokea.

Sasa tuje kwenye saa janja. Hapa mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu mwili wa saa ni mdogo na betri yake ni ndogo. Mfumo ukiwa mzito, saa inamaliza chaji haraka. Hadi mwaka 2025 Apple Watch ya kawaida ilikuwa ikitangazwa kwa saa 18 za matumizi. Saa za Garmin, zenye mfumo wake mwepesi, zinaweza kukaa siku kadhaa na baadhi yake wiki na zaidi. Kwa anayeishi mahali ambapo umeme unakatika jioni na kurudi kesho yake, tofauti hiyo si ya anasa.

Pia saa nyingi haziishi peke yake. Apple Watch inadai iPhone ili kuanza kutumika, na saa mpya zenye Wear OS ya Google zinadai simu ya Android. Frateri mmoja hapa alitumiwa saa na dada yake aliye ng'ambo. Ni saa nzuri, imekaa kabatini tangu Pasaka kwa sababu simu yake si ya familia hiyo. Anayenunua saa ananunua pia wajibu wa kubaki na simu za upande mmoja.

Juu ya kudumu, kisa cha Pebble kinafundisha kuliko maneno yetu. Saa hiyo ilizaliwa mwaka 2012 kwa michango ya watu mtandaoni, iliyopita dola milioni 10. Desemba 2016 kampuni ilifunga na mali yake ikachukuliwa na Fitbit, na Juni 2018 huduma zake za mtandaoni zikazimwa. Saa zilikuwa nzima mikononi mwa watu. Wapenzi wake wakaungana, wakajenga huduma zao wenyewe kwa jina la Rebble, na saa zikaendelea kufanya kazi. Fitbit nayo ikanunuliwa na Google, na Januari 2025 Google ikaufungua msimbo wa mfumo ule kwa umma. Fundisho tunalolipata ni kwamba kampuni inaweza kufa na kifaa kikaishi, mradi kuna watu walioruhusiwa kuushika msimbo wake. Pasipo ruhusa hiyo, kifaa kinazikwa pamoja na kampuni.

Lakini sababu kubwa ya kuwa waangalifu na saa ni mahali inapokaa: mwilini. Inajua mapigo ya moyo wako, unalala saa ngapi, unatembea wapi. Mwanzoni mwa 2018 watu waligundua kwamba ramani ya dunia iliyotolewa na Strava, iliyochorwa kutokana na mbio za watumiaji wake, ilionyesha njia ndani ya kambi za kijeshi. Kila mmoja wa wanajeshi wale alikuwa anafanya mazoezi tu. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo ya mwaka 2019. Sheria hizi zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria haitatusaidia sana, hata hivyo, kama sisi wenyewe tunabonyeza "kubali" bila kusoma.

Tusidhani kwamba nia njema inatosha. Oktoba 2019 Mtandao wa Sala wa Papa Ulimwenguni ulizindua rozari ya kielektroniki ya kuvaa mkononi, yenye punje 10 na msalaba, inayowaka mtu akifanya ishara ya msalaba na kuongozwa na programu ya simu. Ni kazi njema iliyolenga vijana. Ndani ya siku chache mtaalamu mmoja wa usalama alionyesha kwamba aliyejua barua pepe ya mtumiaji angeweza kuingia katika akaunti yake. Kasoro hiyo ilirekebishwa haraka. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu ya hilo la mwisho. Kila programu ina kasoro, hata ya sala. Iliyo salama ni ile yenye mtu wa kuipokea habari hiyo na kuirekebisha mapema.

Basi tulipendekeza nini? Mambo manne.

Kwanza, pasinunuliwe simu wala kishikwambi kwa matumizi ya nyumba au parokia bila kuonyeshwa ahadi ya maandishi ya mtengenezaji, inayotaja modeli ile na miaka ya masasisho iliyobaki. Angalau iwe miaka 4. Muuzaji asiyeweza kuionyesha, tumshukuru na kuendelea na safari. Sharti hili ni kwa vifaa tunavyopewa pia. Mfadhili akituuliza tunahitaji nini, tumwambie kwa adabu na bila kuona haya.

Pili, kila mwenye simu ya Android afungue mipangilio, aingie sehemu ya kuhusu simu, atazame tarehe ya sasisho la usalama. Ni kazi ya dakika moja. Kama tarehe hiyo imepita zaidi ya mwaka na kitufe cha kusasisha hakileti kitu, simu hiyo iendelee kutumika kwa kupiga, kusikiliza na kusoma, lakini isibebe majina ya wagonjwa, mambo ya ndoa za watu wala hesabu za kigango.

Tatu, lugha. Android inaweza kuonyesha menyu zake kwa Kiswahili. Vifaa vitakavyokwenda kwa makatekista viwekwe Kiswahili kabla havijaondoka. Mzee wetu wa kigango akiulizwa na programu kama inaweza kutazama mahali alipo, alielewe swali kabla ya kujibu. Ruhusa iliyotolewa bila kueleweka si ruhusa.

Nne, saa janja zisinunuliwe kwa fedha ya nyumba. Aliyepewa na ndugu zake aitumie kwa amani, ila azime kutuma taarifa za mahali na za afya pale asipozihitaji, na aivue anapoingia mahali ambapo watu wanafungua mioyo yao. Katika hili la mwisho hatukuwa na kauli moja. Wawili kati yetu waliona tumekaza mno, kwa kuwa simu mfukoni nayo ina kipaza sauti. Wana haki. Jibu letu ni kwamba simu nayo iachwe nje.

Wahenga wanasema vyaelea, vimeundwa. Simu inayoelea vizuri mkononi mwako leo imeundwa na watu, na kesho itahitaji watu wa kuikarabati. Vile vishikwambi 12 bado tunavyo. Tumefuta yaliyomo, tumeviondoa mtandaoni, na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanavitumia kama kamusi na vitabu vya nyimbo. Kazi hiyo vinaiweza vizuri. Orodha ya wagonjwa, kwa sasa, imerudi kwenye daftari lenye jalada gumu, ndani ya kabati la paroko, mpaka vifaa vipya vitakapofika vikiwa na ahadi yao ya maandishi.